Neno la Mwaka Liwe Kitu cha Kuonyesha kwa Kidole

Desemba ikielekea ukingoni, nyumba za Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, hujaa watu kuliko wakati mwingine wowote. Watoto wa bweni wamerudi na masanduku yao, na shule hazifunguliwi mpaka Februari. Kijana anayefanya kazi Kampala amefika na basi la usiku. Vikundi vya kuweka na kukopa vimefungua sanduku la chuma, lile lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, na kila mwanachama amekwenda kwake na mgawo. Watu wapo, fedha kidogo zipo, na mambo ya kuamua yamejipanga: ada, bati la jikoni, mbuzi wa mahari ya kaka, deni la mwaka jana. Huo ndio wakati mzuri wa familia kukaa chini na kuchagua neno moja la kuiongoza mwaka unaoingia.

Wengi wetu tumezoea kupewa neno hilo. Kwenye mkesha wa tarehe 31 Desemba makanisa mengi hutangaza neno la mwaka: ushindi, kuinuliwa, mavuno, kuvuka. Watu hulipokea kwa vigelegele, na anayetoka mkeshani na tumaini amepata kitu cha thamani. Ila neno la kanisa ni la mamia ya watu wenye shida za kila namna. Halijui kwamba nyumbani kwenu mama hajaambiwa kahawa iliuzwa kwa bei gani, au kwamba mtoto wa tatu amekuwa mkimya tangu Oktoba. Familia inahitaji na la kwake, la kukaa pamoja na lile la kanisani au msikitini bila kushindana nalo.

Ushauri wangu mkuu ni huu, na mengine yote yanautegemea: chagueni neno la kitu kinachoonekana, kitu ambacho mtoto anaweza kukionyesha kwa kidole. Mafanikio, baraka, maendeleo, umoja, haya ni maneno ya kuombea, na muyaombee. Lakini hayamwambii mtu afanye nini Jumanne asubuhi. Mtoto wa miaka saba ukimwambia mwaka huu ni wa maendeleo, ataitikia ndiyo na kurudi kwenye mpira wake. Mwambie mwaka huu ni wa daftari, atauliza: daftari gani? Lipo wapi? Nani anaandika? Mazungumzo ya familia yameshaanza.

Bwera yenyewe iliwahi kutuonyesha nguvu ya jambo lililo wazi namna hiyo. Juni 2019, Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo. Familia moja ilikuwa imerudi kutoka upande wa pili, ambako ilikwenda kwa mzee wao aliyeugua na kufariki. Wizara ya Afya ikatangaza tarehe 11 Juni kwamba ugonjwa umeingia, na wagonjwa wakatengwa katika hospitali ya Bwera. Siku zile hazikuhitaji hotuba ndefu. Kivukoni Mpondwe, milangoni mwa shule, makanisani, madukani: dumu la maji yenye klorini, bomba dogo, nawa. Watu wakaacha kupeana mikono, jambo zito kwetu sisi ambao salamu bila mkono ni nusu ya salamu. Bibi na mjukuu walielewa kitu kilekile kwa namna ileile. Upande wa Kongo mlipuko ule ulikwisha Juni 2020 baada ya kuua zaidi ya watu 2,200. Upande wetu haukuenea. Wahudumu wa afya, upimaji mpakani na chanjo vilifanya kazi kubwa kuliko dumu la maji, na haki yao tusiwanyime. Lakini kunawa kulishika katika kila nyumba kwa sababu hakukuwa na mtu aliyehitaji kufafanuliwa.

Sasa tupande mlimani. Chukulia familia ya juu ya Kyarumba inayolima kahawa ya arabika. Januari ada inanukia, na mnunuzi anapita na fedha taslimu akitaka kahawa ikiwa bado maua mtini. Bei anayotaja ni ndogo mno ukilinganisha na ya msimu, lakini fedha ziko mkononi mwake, na karatasi ya shule iko mkononi mwa baba. Wanakubaliana. Kwa kilichobaki, matunda yakianza kuiva, hofu ya wezi na shida ya fedha huwafanya watu wakwanyue tawi zima, kijani na nyekundu pamoja, waanike chini kwenye udongo na kuuza kwa bei ya kahawa chafu. Mwaka unaofuata mnunuzi yuleyule anapiga hodi.

Familia hiyo ikichagua neno Nyekundu, imejipa kazi ya mwaka mzima. Kwanza ni shambani: tunachuma tunda lililoiva peke yake, hata kama itabidi kuupitia mti uleule mara tatu au nne, na tunaanika juu ya kitanda cha waya. Pili ni fedha: hatuuzi maua. Na watoto hawatachelewa kulipeleka neno mahali ambapo wazazi hawakuwaza. Binti anayefuatwafuatwa na mtu mzima mwenye pikipiki atajua kwamba linamhusu, bila mama kumhubiria kila jioni. Kijana anayetaka kuacha shule aende kutafuta pesa ataulizwa na mdogo wake kama jambo hilo limeshakuwa jekundu. Neno moja la shambani linaingia jikoni, chumbani na barabarani kwa sababu kila aliyemo humo ameshawahi kushika tunda la kijani na lililoiva, na anajua tofauti yake kwa vidole.

Hapo mtaona kazi ambayo neno linaifanya kuliko zote: linasaidia kukataa. Mambo mazuri ya kufanya ni mengi, na hakuna familia inayoshindwa kwa kukosa mawazo. Tunashindwa kwa sababu ya yale tunayoyakubali kwa haya au kwa haraka: mchango wa harusi ya mtu wa mbali, simu mpya ya mkopo, ng'ombe wa bei rahisi asiyejulikana alikotoka. Neno likishakuwapo, mama anaweza kumjibu mnunuzi wa maua kwa utulivu kwamba mwaka huu nyumba hii imekubaliana. Anayekataa ni nyumba nzima, na mama hasimami peke yake.

Lakini kukataa kuna gharama, na neno lisilohesabiwa gharama yake litawaumiza. Kama ada ya Februari ndiyo iliyokuwa ikiuza maua, basi kabla ya kuandika Nyekundu ukutani jiulizeni ada itatoka wapi. Mgawo wa kikundi utangulie shuleni kabla ya kuwa nguo za sikukuu. Mbuzi mmoja auzwe Desemba, wakati wanunuzi wa nyama ni wengi. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu mapema, aombe kulipa kwa mafungu na kuandikiana. Walimu wakuu wengi humsikiliza zaidi mzazi aliyekuja kabla shule haijafunguliwa kuliko yule anayekimbizwa katikati ya muhula. Fanyeni hesabu hiyo siku ileile ya kuchagua neno. Mkiona haiwezekani, punguzeni: mwaka huu hatuuzi maua ya shamba la juu, la chini tutaona. Neno dogo linalotimizika lina faida kuliko kubwa litakalovunjwa Machi.

Namna ya kukaa na kupanga mambo haya kwa kuchora imekuzwa kwa sehemu kubwa hapahapa kwetu, na inasikitisha kwamba watu wa mbali wanaijua kuliko jirani wa Kasese mjini. Chama cha ushirika cha Bukonzo Joint, chenye makao yake Kyarumba, kilifanya kazi na shirika la Oxfam Novib na mtaalamu Linda Mayoux kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii kutengeneza njia inayojulikana kwa kifupi cha GALS. Wakulima wa kahawa, wengi wao hawakuwa na shule, walishika kalamu na kuchora maisha yao. Leo njia hiyo inafundishwa katika nchi nyingi za Afrika na nje yake.

Michoro yake miwili inawafaa wanaotafuta neno. Wa kwanza ni safari. Chini kushoto mnachora duara dogo: hali yetu ya leo. Juu kulia duara kubwa kama jua: tunakotaka kufika. Katikati barabara inapanda, ina vituo, na pembeni mwake upande mmoja mnaweka yanayotusaidia na upande mwingine yanayotuzuia. Hakuna kuandika. Msiseme hamna karatasi: kila nyumba ina kalenda ya mwaka unaokwisha, ya kanisa au ya mgombea, na mgongo wake ni mweupe. Mkaa unatosha. Asiyejua kusoma mara nyingi ndiye anayechora vizuri zaidi, maana amezoea kuangalia vitu vyenyewe, na bibi anayekaa kimya watu wakiandika atasogea akiona ng'ombe wake amechorwa na miguu mitatu.

Mchoro wa pili ni mti, na huo ndio mgumu. Mizizi ni kazi: nani anapalilia, nani anachuma, nani anabeba maji, nani anaanika. Kila mmoja anachorewa mzizi wake, mnene au mwembamba kwa kadiri ya kazi. Matawi ni matumizi: fedha zikiingia zinakwenda wapi, kwa ajili ya nani. Mume na mke wa Bukonzo walipochora mti huo, wengi waliona wenyewe ulivyoinama. Mizizi minene ilikuwa ya mwanamke, kuanzia palizi hadi kuanika. Mizani ilipofika, aliyesimama kupokea fedha alikuwa mwanaume. Hakuna aliyetoka nje kuja kuwaambia, kalamu ilikuwa mikononi mwao. Baada ya hapo baadhi ya wenzi walianza kuuza kahawa pamoja, na wengine wakaandikishana ardhi kwa majina mawili. Hilo ni jambo kubwa katika wilaya ambayo mjane anaweza kufukuzwa shambani kabla matanga hayajaanuliwa.

Choreni mti kwanza, neno litafuata. Familia inayoanza na neno huchagua linalopendeza masikioni. Familia iliyoutazama mti wake huchagua linalonyoosha shina. Kama mti umeonyesha kwamba fedha za samaki wa Katwe hazijulikani zinapotelea wapi, neno linaweza kuwa Daftari. Kama umeonyesha kwamba watoto na baba hawaonani kutoka Jumatatu hadi Jumapili, neno linaweza kuwa Meza, au Sahani, na maana yake ikawa kwamba bundu na sombe ya jioni haianzwi mpaka wote wamekaa. Kama nyumba iko kando ya Nyamwamba, na bado mnakumbuka mto ulivyoteremka Mei 2013, ukarudi tena Mei 2020 ukaibomoa hata hospitali ya Kilembe, neno linaweza kuwa Mti wenyewe, mkapanda ukingoni kila mvua, au linaweza kuwa Kiwanja, mkaweka akiba ya kuhama. Familia haiwezi kuuzuia mto kwa neno, kazi ya kingo na makazi mapya ni ya serikali na tuidai. Kinachowezekana nyumbani ni kuacha kuweka fedha kwenye ukuta ambao maji yatauchukua.

Neno limfunge kwanza mwenye nguvu zaidi ndani ya nyumba. Hapa ndipo naona familia nyingi zikiharibu, na nalisema kwa uzito. Baba anachagua Nidhamu, na maana yake ni kwamba watoto wanyamaze. Mama anachagua Usafi, na maana yake ni binti wa kazi aamke saa kumi. Mkwe anachagua Heshima, na kila mtu anajua imemlenga nani. Neno la namna hiyo ni amri iliyovishwa nguo mpya, na itachukiwa kabla ya Pasaka. Kipimo chake ni rahisi: kila mmoja aulizwe mbele ya wote, neno hili linakugharimu nini wewe? Mtoto aseme, mama aseme, baba aseme. Baba akikosa jibu, tafuteni lingine. Daftari linamgharimu baba kuandika alichotumia kwenye vinywaji Ijumaa ya soko. Nyekundu inamgharimu kumwambia mnunuzi hapana mbele ya rafiki zake. Watoto wakiona baba amelipa, mengine hayatahitaji kiboko.

Historia ya Afrika Mashariki inatupa onyo juu ya hili. Jomo Kenyatta alilifanya Harambee neno la Kenya mwaka 1963, na lilikuwa na mwili kabisa: watu kuvuta kwa pamoja. Lilijenga shule nyingi kwa mikono na shilingi za wanavijiji, na hilo halifutiki. Lakini miaka ilivyokwenda, mwenye cheo akawa mgeni rasmi, mchango ukawa njia ya kununua jina na kura, na mwananchi akawa anadaiwa mchango pale anapokwenda kutafuta huduma. Ilifika mahali sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikabidi iwawekee maofisa mipaka katika harambee. Neno halikuwa baya. Lilikosa kanuni ya kumbana aliye juu. Nyumba yenye watu saba ina aliye juu vilevile.

Kwa sababu hiyo, angalieni nani anaongea kwanza. Kwa Bakonzo jina lenyewe hukuambia umezaliwa wa ngapi: Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo kwa wavulana; Masika, Biira, Kabugho, Mbambu kwa wasichana. Tumelelewa tukijua nafasi zetu, na katika kikao cha kawaida Baluku na Masika wana sauti ambayo wadogo zao hawana. Siku ya kuchagua neno geuzeni mpangilio. Aanze aliye mdogo kuliko wote, amfuate aliye juu yake, hivyo hivyo mpaka kwa kaka na dada wakubwa, kisha mama, na baba awe wa mwisho. Baba akisema kwanza, wengine watarudia alichosema kwa maneno tofauti. Akisema mwisho, atakuwa amesikia. Tuseme Mbambu wa miaka sita amesema neno lake ni Taa. Usicheke, usimsahihishe, muulize kwa nini. Huenda ni kwa sababu anaogopa kwenda chooni usiku. Huenda ni kwa sababu dada yake anasoma kwa tochi ya simu. Mara nyingi mtoto hutaja jambo ambalo wakubwa wamelizoea kiasi cha kutoliona tena, na Taa ni neno zuri kabisa la mwaka kwa nyumba ambayo sola ndogo ingebadilisha jioni zake.

Kuhusu lugha, msisumbuke sana. Nyumba nyingi za huku zina Lhukonzo ya jikoni, Kiswahili cha mpakani, Kiingereza cha shule, na Kiganda au Rutooro cha mkwe. Lichukueni neno katika lugha ambayo mzee kuliko wote anaielewa na mtoto wa shule haionei haya.

Mambo mawili ya kuepuka. La kwanza ni kumfunga mtoto mmoja. Matokeo ya mtihani wa darasa la saba kwa kawaida hutangazwa Januari, na nyumba yenye mtahiniwa huingia mwaka mpya ikiwa imeshika pumzi. Mkichagua Alama, au Daraja la Kwanza, mmemtwika mtoto wa miaka 12 au 13 mwaka wa familia nzima, na matokeo yakija mabaya kila karatasi ukutani itamsomea hukumu. Subirini matokeo, au chagueni neno lisilomgusa peke yake. La pili ni kuilazimisha furaha mahali penye kilio. Eneo letu limezika sana. Familia za Kasese zilizopoteza watu katika mapigano ya Novemba 2016, na familia za Mpondwe zilizopoteza watoto usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shambulio la sekondari ya Mpondwe Lhubiriha lilipoua zaidi ya watu 40, hazihitaji jirani wa kuziambia mwaka huu ni wa kusonga mbele. Kama nyumba yenu ina kiti kilicho wazi, mnaweza kukaa mwaka bila neno lolote, na si kosa. Au neno linaweza kuwa Picha: mara moja kwa mwezi picha za aliyeondoka zinatolewa sandukuni, jina lake linatajwa kwa sauti, wadogo zake wanaruhusiwa kuuliza wanachotaka na mama anaruhusiwa kulia bila kuambiwa ajikaze. Hilo nalo ni neno la kuonyesha kwa kidole, na lina kazi.

Halafu kuna wale ambao hawapo. Bwera ni mji ambao nusu ya ukoo inaweza kuwa ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, Kasindi, Beni au Butembo, na kijana wa nyumba hii anaweza kuwa Dubai au Riyadh akilinda jengo au akilea watoto wa watu. Msimjulishe neno baada ya kulichagua. Mpigieni siku ya kikao, simu iwekwe katikati ya mkeka, na zamu yake ya kuzungumza ifuate mpangilio wa kuzaliwa kama wengine. Anayetuma fedha kila mwezi akiona ameulizwa pia, na si kuombwa tu, mzigo wake hupungua. Na mtajua kutoka kwake kama neno mlilotaka linawezekana. Familia imechagua Tofali na yeye hajalipwa miezi miwili: afadhali ajisikie huru kulisema hilo Desemba kuliko mgundue Mei, msingi umechimbwa na mvua imeujaza maji.

Msilichague usiku wa mkesha. Watu wamechoka, watoto wanasinzia, na baadhi wamekunywa. Tafuteni alasiri moja kati ya Krismasi na juma la pili la Januari, siku isiyo ya soko, maana Jumanne na Ijumaa mfanyabiashara wa Mpondwe yuko mbali hata akiwa amekaa nanyi. Chai iwepo ya kutosha. Kikao kisizidi saa mbili. Mkikosa kukubaliana, yaacheni maneno mawili yaliyobaki mpaka kesho yake; kura ipigwe kwa punje za maharage ndani ya kikombe kilichofunikwa, ili mtoto asiangalie uso wa baba yake wakati wa kuchagua. Neno likipatikana, liandikwe au lichorwe pale linapohitajika: Nyekundu karibu na vikapu vya kuchumia, Daftari juu ya meza yenye daftari lenyewe na kalamu iliyofungwa kwa uzi, Sahani mlangoni mwa jiko. Sebuleni kati ya picha za harusi litakuwa pambo baada ya wiki tatu.

Kisha mara moja kwa mwezi, robo saa, swali moja tu: mwezi huu neno letu limetusaidia kukataa nini? Jibu likiwa hakuna kwa miezi miwili mfululizo, neno limekufa na mna ruhusa ya kulibadili, hata kama ni Aprili. Sioni sababu ya kubeba neno lililokufa mpaka Desemba kwa ajili ya kuonekana watu wa msimamo.

Gumu zaidi ni pale linapovunjwa, na hasa likivunjwa na mkubwa. Tuseme ni Mei, na imejulikana kwamba baba ameuza maua ya kahawa kimya kimya. Watoto wamejua, maana mnunuzi alionekana shambani akihesabu miti. Asitukanwe kwa neno hilo mbele ya wageni, wala wadogo wasilifanye fimbo. Mama amuulize faraghani mambo matatu: kiasi gani, kwa nani, kwa ajili ya nini. Kama zilikwenda kwenye kilabu, hilo ni shauri la wawili hao, na la mzee wa ukoo ikibidi, na mti uchorwe upya matawi yote yakiwa wazi. Lakini kama zilikwenda kulipa ada ya muhula wa pili, basi kosa lilikuwa katika hesabu ya Januari: familia ilihesabu muhula mmoja na mwaka una mitatu. Mkae tena wote, mtoe daftari, mpange muhula wa tatu kabla haujafika, na muulize kama kikundi cha akiba kinaweza kuwakopesha kwa riba mnayoimudu kiasi cha kuyakomboa maua ambayo bado hayajawa tunda.